Je, Wajua? Jua la Unguja huzama upande wa Mji Mkongwe

Mji Mkongwe umejengwa kwenye rasi ya pwani ya magharibi ya Unguja, ukiitazama Tanganyika, na hivyo jioni jua huzama baharini mbele yake. Wa Paje, Jambiani na Bwejuu, pwani ya mashariki, wao huliona likichomoza; anayekaa huko na kuyataka machweo ya baharini hana budi kuvuka kisiwa, au kwenda Kendwa na Nungwi kaskazini.

Mjini, nenda Shangani, kisha Forodhani, ambako vijana huruka majini kutoka ukutani huku wauza urojo na mishikaki wakiwasha taa. Kwangu mimi hapo ndipo penye uhai zaidi, na hapana kiingilio.

Ila uwahi! Zanzibar iko nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hushuka karibu wima na kiza huingia upesi. Mwaka mzima huzama baina ya saa 12:10 na 12:50 jioni. Kuanzia Mei hadi Julai huelekea kaskazini-magharibi. Desemba hurudi kusini-magharibi. Likishazama, adhana ya Magharibi hufuata, na kwa Waislamu siku mpya imeanza.