Ushuru wa matengenezo ya barabara nchini Kenya

Ushuru wa matengenezo ya barabara ni tozo ambayo serikali ya Kenya inakata kwa kila lita ya petroli na dizeli. Fedha zake huingia katika hazina maalumu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993.

Kabla ya hapo matengenezo yalitegemea bajeti ya kawaida, ambamo barabara zilishindana na mishahara, shule na hospitali. Kwa kawaida zilishindwa, kwa kuwa barabara iliyoachwa mwaka mmoja bado inapitika. Madhara hujitokeza baadaye: maji hupenya kwenye nyufa za lami, tabaka la chini hulainika, na malori mazito humalizia kazi. Ikifikia hapo, kuziba mashimo hakusaidii tena. Inabidi kujenga upya. Mwaka 1994 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba matengenezo ya dola bilioni 12 yaliyofanywa kwa wakati yangeliokolea bara la Afrika dola bilioni 45 za ujenzi mpya katika muda wa miaka kumi.

Hazina inasimamiwa na Bodi ya Barabara ya Kenya, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1999. Bodi haijengi, inagawa fedha kwa mamlaka za barabara kuu, za mijini na za vijijini, zilizoundwa kwa sheria ya 2007, pamoja na sehemu ndogo kwa barabara za hifadhi za wanyama.

Viwango

Tozo hii ni kiasi maalumu kwa lita, si asilimia ya bei. Hivyo bei za lami, changarawe na vibarua zikipanda, shilingi ileile hufanya kazi ndogo zaidi. Kwa miaka mingi kiwango kilikuwa shilingi 9. Mwaka 2015 kilipanda kuwa 12, mwaka 2016 kuwa 18, na Julai 2024 kuwa 25, wiki chache tu baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa kutokana na maandamano.

Hata hivyo si kila nyongeza ilienda kwenye matengenezo. Mwaka 2016 shilingi 3 za kila lita zilitengwa kugharamia barabara mpya ambazo wakandarasi hulipwa kidogo kidogo. Mwaka 2025 shilingi 7 nyingine ziliwekwa rehani ili kupata takriban shilingi bilioni 175 za kulipa madeni ya wakandarasi. Jina la ushuru limebaki lilelile, ingawa kwa fedha hizo mwenye gari analipia kazi ya zamani badala ya kuzibua mitaro ya mwaka huu.

Mvutano wa kaunti

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti jukumu la barabara za kaunti. Magavana hudai fungu lao la ushuru. Wabunge, ambao fungu la maeneo yao hupitia mamlaka ya barabara za vijijini, wamepinga. Katika mwaka wa fedha 2024/25 mzozo kuhusu shilingi bilioni 10.5 ulifika mahakamani na kuchelewesha fedha nyingine za kaunti.