Pointi sita zilizomvunja moyo binti yetu

Jioni moja ya mwezi wa saba, baada ya sala ya Isha, mzee mmoja wa msikiti wetu alinisubiri mlangoni mwa ofisi akiwa na binti yake. Walitaka barua ya utambulisho ili binti apate kazi ya kuuza duka. Nilishangaa, kwani matokeo ya kidato cha sita yalikuwa yametoka siku chache tu nyuma, na binti huyo alikuwa amepata daraja la pili. Tangu akiwa mdogo, wote tulijua kuwa anataka kuwa muuguzi.

Nilipomuuliza sababu, alijibu kwa sauti ya chini: “Ustadh, uuguzi wanataka pointi 6. Mimi nina 11.” Baba yake akatikisa kichwa kwa masikitiko. Yeye hakuvuka darasa la saba, na katika mambo ya shule humwamini mwanawe.

Nikaomba kuona matokeo yenyewe. Kemia alipata C, Biolojia D na Fizikia D. Hapo ndipo nilipofahamu kilichotokea.

Katika kupanga madaraja, Baraza la Mitihani huhesabu A kuwa 1, B kuwa 2, C kuwa 3, D kuwa 4 na E kuwa 5. Kwa hesabu hiyo, mwenye pointi chache ndiye aliyefaulu zaidi, na daraja la pili ni kuanzia pointi 10 hadi 12. Lakini katika udahili wa vyuo vikuu hesabu hugeuzwa: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hiyo C moja na D mbili, ambazo kwa Baraza ni pointi 11, chuoni ni pointi 7. Kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye programu aliyoitaka kilikuwa 6. Binti alikuwa amekwishavuka kizingiti, naye akidhani yuko mbali nacho.

Alilitoa wapi kosa hili? Kwa wenzake, katika kundi la simu la waliomaliza pamoja. Mmoja aliandika kwa uhakika, wengine wakaitikia, na hakuna aliyefungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Zaidi ya hayo, waliopata daraja la kwanza walituma matokeo yao wakapongezwa usiku kucha, ilhali wengine walinyamaza. Binti akaona furaha za watu tu, akadhani aliyebaki nyuma ni yeye peke yake.

Sisemi vijana waache kushauriana. Kundi hilohilo ndilo lililomkumbusha tarehe za kufunga maombi na vyeti vinavyotakiwa. Mwenzako ni msaada mkubwa katika kukumbushana na kutiana moyo. Lakini sifa za kujiunga, ada na mikopo ni mambo ya maandishi, na maandishi husomwa kwa mwenyewe aliyeyaandika. Kuihakiki habari kabla ya kuitendea kazi ni adabu tuliyofunzwa tangu madrasa.

Tulipoendelea kuzungumza, likazuka jambo la pili. Binti hakukusudia kuomba mkopo kwa sababu aliambiwa Bodi ya Mikopo hutoza nyongeza ya asilimia 6 kila mwaka. Ni kweli, tozo ya kulinda thamani ya mkopo ya asilimia 6 ilikuwapo, na familia nyingi za Kiislamu ziliikwepa kwa khofu ya riba. Lakini tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Mwenye shaka ya kisheria na amuulize sheikh anayemwamini, ila ampelekee masharti ya mwaka huu, si habari za kaka yake aliyesoma zamani.

Enyi wazazi, hata ambaye hakusoma ana nafasi yake hapa. Keti na mwanao, mwambie akufungulie mwongozo wa TCU na akusomee ukurasa wa programu anayoitaka: masomo gani, pointi ngapi, miaka mingapi, ada kiasi gani. Mwambie pia kuwa kufikisha kiwango cha chini si ahadi ya kuchaguliwa, kwani waombaji hushindana. Kwa hiyo aombe zaidi ya chuo kimoja. Cheti cha kuzaliwa, na cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, vipelekwe RITA mapema kuhakikiwa kwa ajili ya mkopo. Na akienda kujaza maombi steshenari, nywila yake asimwachie mtu, kwani akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja ni lazima athibitishe kimoja kwa namba maalumu atakayotumiwa.

Usiku ule tulijaza maombi ya vyuo vitatu pale pale ofisini. Awamu ya kwanza jina lake halikutoka, na baba yake akarudi kuniuliza kuhusu ile barua ya duka. Nikamwambia, “Mzee wangu, subiri, awamu ipo nyingine.” Katika awamu ya pili, Alhamdulillah, alichaguliwa kusomea uuguzi.

Nimekuwa nikijiuliza ni vijana wangapi wa mitaa yetu waliokwenda dukani kwa hesabu iliyogeuzwa, bila mtu wa kuwaomba karatasi ya matokeo aisome. Nawaomba walimu, wahasibu na wauguzi wa kila msikiti watenge walau jioni mbili matokeo yanapotoka, wakae na vijana hawa. Mola awafungulie wanetu milango ya kheri.