Kwa Nini Binadamu Hujifungua kwa Taabu?

Akina mama hutuuliza kwa nini mbuzi huzaa malishoni peke yake, jioni akarudi na mtoto, lakini mwanamke ahitaji mkunga. Jibu limo katika mifupa ya nyonga.

Mbuzi hugawa uzito wake kwenye miguu minne. Sisi husimama kwa miwili, na jambo hilo ni la kale sana. Mwaka 1978 kikundi cha Mary Leakey kilifukua huko Laetoli, wilayani Ngorongoro, nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya majivu ya volkano miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita. Mifupa ya kiumbe anayedhaniwa kuwa wa jamii hiyo ilipatikana Ethiopia mwaka 1974. Nyonga yake ni fupi na pana kama bakuli, wakati ile ya sokwe wa Gombe ni ndefu na nyembamba. Bakuli hilo hubeba matumbo na kushika misuli ya kutembelea.

Baadaye kichwa nacho kikakua. Ubongo wetu ni karibu mara tatu ya ule wa viumbe wale, na mlango wa bakuli haukupanuka kwa kiasi hicho. Ndiyo maana mtoto hulazimika kujigeuza: kwa kawaida huingia akitazama ubavuni mwa mama, hutoka akitazama mgongoni.

Kwa hiyo tunasikitika sana tunaposikia mama mwenye uchungu wa muda mrefu akilazimishwa kukiri kwamba alitoka nje ya ndoa. Mfupa haujui habari hizo! Mara nyingi nyonga ni finyu, au mtoto ni mkubwa, au amelala vibaya. Binti wa miaka 15 nyonga yake haijamaliza kukua. Aliyepata matege utotoni yumo hatarini pia, na vilevile mwenye kimo chini ya sentimita 150. Kliniki hatuwapimi kimo kwa kujifurahisha.

Kichwa kikikwama, kibofu hubanwa mpaka nyama yake hufa, kisha mkojo huvuja bila kukoma. Hiyo ndiyo fistula.

Waume na mama wakwe, uchungu ukianza mpelekeni mama hospitali; ukifikia saa 12 bila mtoto, hiyo ni hatari. Anayeishi mbali aje wiki mbili kabla. Nauli iwekwe mapema, alizeti ikiuzwa tu.