Khukuri

Khukuri (pia huandikwa kukri) ni kisu kikubwa cha jadi cha nchi ya Nepal. Ubapa wake umepinda kuelekea mbele na makali yako upande wa ndani wa pindo hilo. Kwa kawaida urefu wake pamoja na mpini ni takriban sm 40 hadi 45. Nje ya Nepal inajulikana hasa kama silaha ya askari Magurkha, lakini nyumbani kwake ni kifaa cha kazi kwanza: hupasua kuni, hufyeka vichaka, hukata nyama na mboga. Familia nyingi za wakulima wa milimani huwa nayo, na huitumia kama panga linavyotumiwa Afrika Mashariki.

Khukuri bora hadi leo hufuliwa kwa mkono. Wanaozifua ni hasa Wakami, jamii ya wahunzi ambao kwa muda mrefu walihesabiwa katika matabaka ya chini kabisa ya jamii ya Kihindu ya Nepal. Kisu kimekuwa fahari ya taifa zima, lakini aliyekitengeneza hakuruhusiwa kuingia katika nyumba za wengi waliokinunua.

Umbo

Ubapa ni mwembamba karibu na mpini, hupanuka mbele, kisha huchongoka. Kwa hiyo uzito mwingi uko mbele, na mkono unaposhuka uzito huo huongeza nguvu ya pigo. Tena, kwa kuwa makali yamepinda, hayagongi kitu yote kwa pamoja bali huingia kwa mshazari na kuteleza yakikata. Ndiyo maana khukuri, ingawa ni fupi kuliko panga, huweza kukata tawi nene kwa pigo moja. Mgongo wake ni mnene na hupungua kuelekea kwenye ncha.

Upande wa makali, karibu na mpini, kuna pengo dogo liitwalo kaudi au cho. Maelezo juu yake ni mengi. Wengine husema linazuia damu na utomvu visitiririke hadi kwenye mpini. Wengine huona humo alama ya kwato la ng'ombe, mnyama mtakatifu kwa Wahindu, au mkuki wenye ncha tatu wa mungu Shiva. Kwa vyovyote vile, humwonyesha anayenoa mahali pa kukomea.

Ala hutengenezwa kwa vipande viwili vya mbao vilivyofunikwa kwa ngozi ya nyati-maji. Nyuma yake huchomekwa visu viwili vidogo: karda, chenye makali, kwa kazi ndogondogo, na chakmak, ambacho ni butu na hutumika kunyoosha makali ya khukuri au kuwasha moto kwa kugonga jiwe la gumegume.

Ziko aina nyingi. Sirupate ni nyembamba na imepewa jina la jani la nyasi iitwayo siru. Bhojpure, ya wilaya ya Bhojpur mashariki mwa Nepal, ni pana na nzito.

Utengenezaji

Malighafi ya kawaida siku hizi ni springi kuukuu za malori. Chuma hicho kina kaboni ya kutosha kukifanya kiwe kigumu kikipashwa moto na kupozwa ghafla, na kimezoea kupinda bila kuvunjika. Mhunzi hukata kipande na kukichoma katika moto wa mkaa hadi kiwe chekundu. Fundi mkuu hukishika kwa koleo juu ya fuawe, huku wasaidizi wakikigonga kwa nyundo nzito kwa zamu. Hakuna kalibu, umbo hutokana na jicho la fundi. Kwa hiyo hakuna khukuri mbili zilizo sawa kabisa, na kila ala hupimwa kwa khukuri yake yenyewe.

Baada ya hapo huja hatua inayotenganisha kisu kizuri na kibaya. Ubapa uliokwisha kupata umbo hupashwa moto tena. Mhunzi huchukua birika na kumimina maji kidogokidogo juu ya makali peke yake, akipeleka mdomo wa birika mbele na nyuma. Makali hupoa ghafla na kuwa magumu, lakini mgongo hupoa polepole na kubaki laini kidogo. Maji yakipungua, makali yatakunjika yakigonga mfupa. Yakizidi, ubapa wote utakuwa mgumu na unaweza kuvunjika kama kigae. Mhunzi hana kipimajoto. Hutazama rangi ya chuma, na ndiyo sababu kazi hii hufanywa vizuri zaidi kivulini kuliko juani.

Mpini huwa wa mti mgumu au pembe ya nyati-maji. Msuka, yaani mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, hugandishwa kwa laha, gundi ya utomvu inayoyeyushwa kwa moto. Katika aina ya panawal msuka ni mpana na huonekana pande zote za mpini; hiyo ni imara zaidi, ila nayo hupeleka mtikisiko mwingi mkononi.

Ubora wake hupimwa kwa tupa. Ikipitishwa kwenye makali yaliyotiwa ugumu vizuri huteleza, lakini kwenye mgongo hung'ata. Mng'ao si kipimo. Khukuri nyingi zinazouzwa kwa watalii mjini Kathmandu hung'aa kama kioo na kujaa nakshi, kumbe ni za chuma laini kisichotiwa ugumu wowote. Zinafaa kutundikwa ukutani.

Historia

Khukuri inayotajwa kuwa ya kale kuliko zote zilizohifadhiwa iko katika Makumbusho ya Taifa mjini Kathmandu. Inasemekana ilikuwa ya Drabya Shah, aliyekuwa mfalme wa Gorkha mwaka 1559. Waingereza waliijua vema katika vita vyao na Nepal vya 1814–1816, na tangu 1815 walianza kuwaandikisha Magurkha katika jeshi lao. India ilipopata uhuru mwaka 1947, vikosi kumi vya Magurkha viligawanywa: sita vikabaki India, vinne vikaenda Uingereza. Magurkha walifika hata Tanga, Novemba 1914, wakiwa miongoni mwa askari wa Kashmir waliopigana na Wajerumani.

Sifa hizo za kivita zimezaa hadithi kwamba khukuri ikichomolewa haiwezi kurudishwa alani bila kumwaga damu. Si kweli. Mkulima anayekata majani ya mbuzi kila asubuhi angeishiwa vidole.

Wahunzi

Muluki Ain, sheria iliyotolewa mwaka 1854 chini ya waziri mkuu Jung Bahadur Rana, iliwaweka Wakami miongoni mwa watu ambao maji waliyoyagusa hayakufaa kunywewa na matabaka ya juu. Aliyeguswa nao alipaswa kujinyunyizia maji ili atakasike. Hivyo fundi aliyeaminiwa kumimina maji juu ya chuma, kazi ambayo kisu kizima huitegemea, hakuruhusiwa kuteka maji kwenye kisima cha wateja wake.

Malipo yake mara nyingi hayakuwa fedha. Kwa desturi ya bali ghare, kila familia aliyoihudumia ilimpa nafaka wakati wa mavuno, naye alitengeneza na kunoa vyombo vyao mwaka mzima. Sheria mpya ya 1963 iliondoa ubaguzi wa matabaka, na nyingine ya 2011 iliufanya kuwa kosa la jinai, ila vijijini haujaisha. Wakami wengi hujiita Bishwakarma, kwa jina la Vishwakarma, mungu wa mafundi.

Soko la nje limeleta fedha taslimu, ingawa sehemu kubwa ya bei hubaki kwa wafanyabiashara. Vijana wengi wa Nepal huenda kufanya kazi nchi za Ghuba na Malaysia, na kazi ya nyundo nzito huhitaji vijana. Baadhi ya wahunzi hupiga alama yao ndogo kwenye ubapa, karibu na mpini, na wanunuzi wanaozijua alama hizo huitafuta khukuri kwa mkono ulioifua.