Sifa za mpiga besi huja saa tisa usiku

IWAPO wewe ni mpenzi wa muziki wa bendi, hebu fanya jaribio moja wikendi ijayo. Ukikaribia klabu ambako bendi inatumbuiza, simama kando ya barabara kabla hujafika mlangoni, utege sikio. Maneno ya mwimbaji hutayashika. Gitaa la solo utalisikia kwa mbali tu, kama mbu. Kitakachokulaki ni mdundo mzito unaopenya ukuta, kana kwamba jengo zima lina moyo unaopiga. Huo ni mkono wa mpiga besi. Yeye ndiye aliyekukaribisha, ingawa ukishaingia ndani na kupata kiti huenda usimtazame tena hadi unapokwenda zako nyumbani.

Usijilaumu. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa na kidole, hutikisika takriban mara 41 kwa sekunde. Hiyo ni sauti ya chini mno. Sikio la binadamu hunasa kwa urahisi zaidi sauti zilizo katika kimo cha mtu anayezungumza au mtoto anayelia, na ndiyo sababu mwimbaji akikohoa tu ukumbi mzima hugeuka. Besi hulipita sikio na kwenda kutua kifuani na miguuni. Unaicheza kabla hujaisikia.

Chukua mfano wa Les Wanyika. Kundi hilo lilizaliwa mwaka 1978 baada ya wanamuziki kadhaa kujiondoa kutoka Simba Wanyika, na kibao chao Sina Makosa bado huwanyanyua watu vitini katika harusi zetu. Waulize mashabiki ni akina nani walioimba katika kundi hilo na watakutajia Issa Juma na John Ngereza bila kusita. Waulize ni nani aliyepiga besi, na wengi watakuna vichwa. Alikuwa Tom Malanga. Na huyo huyo anayekuna kichwa, mwambie akuigie wimbo huo kwa mdomo, usishangae akianza na besi!

Katika benga mambo ni afadhali kidogo. Besi ya benga haijifichi. Hukimbizana na gitaa la solo, hili likiuliza ile inajibu, na wale waliokulia katika nyimbo za D.O. Misiani na Shirati Jazz wanaijua vyema raha hiyo. Hata hivyo, noti za kutuza zinapotoka mfukoni, huishia kwenye kipaji cha mwimbaji. Mwimbaji yuko mbele. Ndiye anayeweza kulitaja jina la mheshimiwa katikati ya wimbo, na mheshimiwa akisikia jina lake likipaa kwenye spika hujisahau akafungua pochi. Mpiga besi atamtaja kwa kitu gani?

Sasa tuseme mpiga besi ni wewe. Umesimama nyuma kando ya dramu tangu saa tatu usiku, gitaa la kilo nne hivi limekuning'inia begani, vidole vimekufa ganzi. Saa tisa usiku muziki unanyamaza. Mwimbaji amezingirwa na watu wanaotaka kupigwa picha naye. Wewe umechutama sakafuni unakunja nyaya, ukiwaza gari la kukurudisha nyumbani, na ndipo mtu anakugusa bega.

Mara nyingine ni mtu aliyelewa. "Fundi! Wewe ndiwe bendi! Hawa wengine ni takataka!" Anapiga kelele, na hao wengine wako hatua tatu tu kutoka hapo, wanasikia. Hiyo ni sifa yenye miba. Ukicheka naye, umekubali kwamba wenzako ni takataka, na Alhamisi mtakutana mazoezini. Ukimkemea, huenda ukamwagiwa bia. Wapigaji wenye uzoefu hutoka hapo kwa maneno machache: "Asante sana kaka. Lakini bila huyu wa dramu ningepotea njia." Hakuna uongo katika jibu hilo, maadamu besi na ngoma kubwa ya dramu ni kama miguu miwili ya mtu mmoja. Mlevi anaridhika, mpiga dramu anatabasamu, nawe unaendelea kukunja nyaya zako.

Mara nyingine ni yule asiyejua alichokisikia. Atakupongeza kwa kuimba, ilhali hukufungua mdomo usiku kucha. Atakuuliza kwa huruma mbona gitaa lako limebaki na nyuzi nne, hizo nyingine zilikatika lini? Wapo pia wanaosifu na kuumiza kwa pumzi moja: "Umepiga vizuri sana kijana, watakupa solo lini?" Kana kwamba besi ni benchi la kungojea zamu hospitalini! Wapigaji wengi huudhika hapo, nami siwalaumu, lakini mtu huyo alipita wachezaji wote akaja kwako. Hana lugha ya kukusifia, basi akaazima aliyokuwa nayo.

Kisha kuna kijana aliyesimama pembeni tangu mwanzo, mikono ameikunja, hachezi, hanywi, macho yake yameganda kwenye vidole vyako vya kushoto. Huyo hatakuambia umepiga vizuri. Atauliza tu, "Mzee, pale sebene ilipoanza ulipitia wapi?" Naye anajifunza, au pengine ni mpiga besi wa bendi nyingine. Swali lake lina uzito kuliko makofi ya ukumbi mzima, na ustaarabu ni kulitoa tena gitaa mfukoni umwonyeshe, hata kama gari linapiga honi nje.

Lakini kwangu mimi anayewashinda wote ni yule mama wa makamo anayekuja na viatu mkononi. "Kijana wangu, leo nimecheza hadi nimesahau goti linaniuma." Halitaji gitaa, na huenda hata halijui jina la besi. Ila goti lake lilisahaulishwa na nani, kama si wewe na mwenzako wa dramu? Hiyo ndiyo kazi yenyewe uliyoajiriwa kuifanya.

Na hapo ndipo wapigaji wengi huharibu. Mama amekuja na furaha yake mkononi, naye fundi anamjibu: "Ah, mama, leo wala sikuwa sawa. Niliteleza wimbo wa pili, na hii amplifaya ni mbovu." Anadhani ananyenyekea. La hasha! Amemwambia yule mama kwamba masikio yake yalimdanganya, kwamba nauli na kiingilio alicholipa vilipotelea kwenye kitu kibovu. Mama anaondoka ameinamisha kichwa. Wiki ijayo hatamfuata mtu yeyote nyuma ya jukwaa.

Wengi wetu tumelelewa hivyo. Nyumbani mtoto akisifiwa na wageni, mzazi hukimbilia kutaja makosa yake ili asivimbe kichwa, na mtoto hukua akijua kwamba sifa ni mpira wa kurudishwa upesi langoni kwa mwenyewe. Adabu hiyo ina faida zake mezani. Jukwaani haina. Fundi akitaka kuzungumzia kosa la wimbo wa pili, ana kiongozi wa bendi na ana Alhamisi ya mazoezi. Mama wa watu anahitaji maneno matatu tu, "Asante sana mama," na kutazamwa machoni.

Waswahili wana neno lao kuhusu mgema, kwamba akisifiwa tembo hulitia maji. Wapigaji besi ni wagema wa namna yake: wao wakisifiwa huzidisha tembo hadi kibuyu kinafurika. Mathalan, kijana anapiga kwa utulivu miezi sita, hakuna anayemwona. Usiku mmoja anachomeka mbwembwe katikati ya wimbo, vidole vinapanda hadi juu kabisa ya shingo ya gitaa na kushuka, na watu wanne wa meza ya mbele wanashangilia. Amekwisha! Wiki ijayo mbwembwe hiyo imo katika kila wimbo, hadi katika ule wa taratibu wa wapendanao. Wachezaji dansi wanaanza kukanyagana. Miguu inatafuta pale chini ilipozoea kutua, haipaoni. Polepole wanarudi vitini, na hakuna hata mmoja wao anayeweza kueleza kwa nini, kwa kuwa hawakuwahi kujua ni nini kilichokuwa kikiwashikilia sakafuni. Meza ya mbele bado inashangilia. Kijana anaiamini, hadi siku kiongozi wa bendi anapomleta mtu mwingine mazoezini.

Tena kuna sifa zinazokuja ndani ya chupa. Mtu akifurahi hamwambii fundi lolote, anamtumia bia. Saa tano usiku zimepangwa tatu juu ya spika, saa saba ni sita. Kuzikataa huonekana kama dharau. Kuzinywa zote kila wikendi, mwaka baada ya mwaka, ni jambo lingine, na wake wa wanamuziki wanalijua kuliko mimi ninayeandika. Njia wanayotumia wenye busara ni kumshukuru mtoaji kwa kuinua moja juu akaiona, kisha kumwomba mhudumu awabadilishie zilizobaki ziwe soda, au azihesabu na kuwapa pesa asubuhi. Si kila baa itakubali. Kuuliza si kosa.

Kisa kinachohuzunisha zaidi katika mambo haya kilitokea mbali na kwetu, nchini Marekani. James Jamerson, aliyezaliwa mwaka 1936, ndiye aliyepiga besi katika idadi kubwa ya nyimbo zilizoifanya kampuni ya Motown ya Detroit ijulikane duniani. Alitumia kidole kimoja tu cha mkono wa kulia. Dunia nzima ilimcheza, na jina lake halikuandikwa kwenye majalada. Ilibidi asubiri hadi mwaka 1971, santuri ya Marvin Gaye iitwayo What's Going On ilipotoka, ndipo akatajwa waziwazi. Kufikia hapo pombe ilikuwa imekwisha kumshika. Motown ilipofanya tamasha la kuadhimisha miaka 25 mwaka 1983, Jamerson alijinunulia tikiti kwa walanguzi akaketi juu kama mtazamaji yeyote, huku nyimbo alizozitia uti wa mgongo zikishangiliwa chini. Alifariki Agosti mwaka huo huo akiwa na umri wa miaka 47. Aliingizwa katika jumba la heshima la muziki wa roki mwaka 2000. Leo wapigaji besi hununua vitabu vya kujifunza kila alichokipiga.

Sisemi kwamba pongezi za saa tisa usiku zingemwokoa. Maradhi ya pombe hayaponi kwa makofi. Lakini mtu aliyeketi kule juu na tikiti yake alikuwa ana haki ya kuguswa bega.

Kabla hatujasahau, kuna sifa moja ambayo fundi asiipokee kabisa peke yake, nayo ni ya mwenye klabu. "Mmepiga vizuri ajabu leo, watu wamefurahi mno, pesa tutaonana Jumatano." Kadiri sifa zinavyorefuka ndivyo bahasha inavyokuwa nyembamba. Sifa za mteja hujibiwa kwa asante. Za mwenye klabu hujibiwa kwa asante na daftari, mbele ya kiongozi wa bendi, kiasi kilichobaki kikiandikwa na kutiwa sahihi. Watoto hawatapikiwa pongezi asubuhi. Hata hivyo si vibaya fundi aende nazo nyumbani. Kuna wake ambao hawajawahi kuelewa mume anafanya nini huko hadi alfajiri, na kisa cha mama aliyesahau goti kikisimuliwa pamoja na chai huenda kikaeleza zaidi ya ile bahasha.

Nawe msomaji unayekwenda dansi, ukitaka kumsifu mpiga besi, usingoje hadi awe amekwisha kufunga gitaa. Mfuate wakati wa mapumziko, mtajie wimbo mmoja uliokunyanyua, muulize jina lake ulikumbuke. Usimlinganishe na wenzake, usimuulize kuhusu nyuzi, na mkono wake wa kulia umshike taratibu kwa sababu vidole vinauma. Akianza kukuambia aliteleza, mwambie wewe ulicheza. Na iwapo unataka kumtuza kwa simu, mwombe nambari yake mwenyewe na usome jina kabla hujabonyeza, kwa kuwa ile iliyobandikwa pale jukwaani aghalabu ni ya kiongozi wa bendi, au ya baa.