Gari Likimisi Mlimani, Usikimbilie Kununua Spea

Haisi kuukuu ya kupanda Vugiri kutoka Korogwe inaweza kukuchosha akili: bondeni inatembea safi, mlimani inaanza kumisi, ukiipumzisha inawaka kama vile hakuna kilichotokea. Ukiifikisha gereji, haimisi ng'o. Fundi anabahatisha: leo plagi, kesho pampu. Hela inaisha, ugonjwa uko palepale. Na ikizima kwenye kona ikiwa na abiria, suala si hela tena.

Injini ya petroli inataka hewa, mafuta, na cheche kwa wakati wake. Mlimani inabeba mzigo mkubwa zaidi, ndiyo maana udhaifu mdogo hujitokeza huko.

Kwa hiyo sikiliza gari linavyomisi. Nguvu zikipungua taratibu, kama mtu anayeishiwa pumzi, anza na mafuta: filta iliyoziba, uchafu kwenye tangi, pampu iliyochoka. Likikata ghafla na kurudi ghafla, anza na umeme: terminali ya betri iliyolegea au koili inayogoma ikipata moto. Likisumbua asubuhi za ukungu tu, kagua waya za plagi. Zenye nyufa zikipata unyevu huvujisha cheche.

Andika kwenye daftari: saa ngapi, mlima au tambarare, injini ya moto au baridi, mafuta kiasi gani. Mpe fundi, abadilishe kitu kimoja kimoja. Akibadilisha vitatu kwa mpigo, hata likipona hamtajua lilikuwa linaumwa nini. Na mpaka lipone, lisipakie watu kupanda Vugiri.