Usomaji wa Picha za Mifupa

Mtoto wa miaka minane aangukapo kutoka mwembeni na kuumia kiwiko, picha ya eksirei huonyesha vipande vya mfupa vilivyotengana. Asiyefunzwa huweza kudhani kwamba vyote vimevunjika. Kumbe ncha za mifupa ya mtoto bado ni gegedu, ambalo halizuii miali ya eksirei kama ifanyavyo chokaa iliyomo mfupani. Kwa hiyo halionekani pichani. Ndani ya gegedu hilo huota viini vya mfupa, kila kimoja kwa wakati wake.

Viini vya kiwiko ni sita. Hutokea takriban katika umri wa miaka 1, 3, 5, 7, 9 na 11, na wasichana kwa kawaida huwatangulia wavulana. Umri huo hutofautiana. Mfuatano ndio wenye thamani. Kiini cha tatu ni cha nundu ya ndani ya kiwiko, na cha nne ni cha sehemu iliyo kama kapi, ambapo kiungo hukunjikia. Ikiwa pichani kinaonekana kama kwamba ni cha nne, ilhali cha tatu hakipo mahali pake, msomaji hodari hushuku kuwa cha tatu kimeng'olewa na kunaswa ndani ya kiungo. Asipotambua hayo, kiwiko huweza kubaki kigumu, kisikunjuke tena.

Huyo ndiye daktari wa radiolojia ya mifupa, viungo na misuli. Si yeye apigaye picha. Hiyo ni fani nyingine, na picha iliyopigwa vibaya humshinda hata bingwa. Nchini Tanzania, aliyefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia katika kidato cha sita husomea udaktari kwa miaka 5, hufanya mazoezi hospitalini mwaka 1, kisha huweza kusomea uzamili wa radiolojia kwa miaka 3, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Ubobezi wa mifupa hufuata baadaye. Marekani hutengewa mwaka 1 zaidi.

Kano na gegedu hutazamwa kwa mawimbi ya sauti au mashine ya sumaku. Lakini kwa mtoto aliyeanguka, eksirei ndiyo hutangulia mara nyingi. Penye shaka, kiwiko kizima nacho hupigwa picha ili kulinganisha, ingawa si desturi, kwa kuwa miali hiyo haikosi madhara.